Mkunga Aliyebeba Zamu za Sikukuu

Wanawake wa Haifa waliojifungua mikononi mwa Zehava Ohayon walimkumbuka kwa viganja vyake, vilivyokuwa na joto hata wakati wa baridi kali, na kwa jinsi alivyosema nao. Wakunga wengine walipiga kelele, "Sukuma, mama, sukuma!" Yeye aliinama sikioni mwa mzazi akasema polepole, "Usiharakishe, bibie. Mimi na wewe tuna siku nzima." Hata kama daktari alisimama mlangoni akitazama saa yake, Zehava hakugeuka.

Alizaliwa Kiryat Shmuel, mtaa wa watu wa dini, katika nyumba iliyojaa watoto. Baba yake alitoka Meknes, Moroko, akiwa kijana. Mchana aliuza vitambaa, na jioni aliimba katika sinagogi. Zehava aliishika dini ile hata nywele zake zilipoanza kuota mvi. Siku ya Sabato hakuwasha taa wala hakugusa simu, na kabla ya kula alibariki. Kuzalisha siku ya Sabato kuliruhusiwa, kwa kuwa kuokoa uhai kunatangulia amri nyingine, naye aliifanya kazi hiyo kama ibada. Siku hiyo alitembea kwa miguu mpaka hospitali, akapanda mlima wa Neve Sha'anan huku magari yakimpita.

Na alimpenda mwanamke mwenzake, Idit Perlman. Mizigo hiyo miwili, dini na Idit, aliibeba bega moja bila kuyumba. Mbele ya Mungu wake hakuona haya sana. Haya yake ilikuwa mbele ya watu.

Walikutana kwa ugomvi. Idit alikuwa mhandisi wa madaraja, na kampuni yake ilikuwa ikijenga daraja la waenda kwa miguu mbele ya hospitali. Asubuhi moja njia ikafungwa, Zehava akakuta uzio.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza.

"Mimi hapa," akajibu mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu, matope mpaka magotini.

"Haya, mkubwa. Mtoto wa watu anayetoka tumboni ana njia yake ya kupita. Mimi ninayekwenda kumpokea sina!"

Idit akacheka mpaka akashika uzio. Akamvua kibarua mmoja kofia, akamvisha Zehava, akampitisha katikati ya nondo na mifuko ya saruji akimshika kiwiko. "Ukianguka hapa nitaandikwa gazetini," alimwambia, "kwa hiyo nishike vizuri."

Alimshika vizuri. Mwaka uliofuata walipanga nyumba moja.

Idit alilelewa kwenye kibutzi, kijiji cha wakulima wa ushirika. Hakuwahi kufunga saumu hata moja, na Sabato kwake ilikuwa siku ya kufua nguo. Lakini kwa ajili ya Zehava alijifunza. Ijumaa aliondoka kazini mapema, akanunua mkate, akapika dafina: mayai, ngano, viazi na mbavu za ng'ombe katika chungu kimoja kilicholala juu ya sahani ya moto mpaka Jumamosi mchana. Mara ya kwanza chakula kiliungua, mara ya pili kikatoka kama supu. Mara ya tatu Zehava alionja, akaweka kijiko chini.

"Vipi? Kibaya?"

"Mama yangu angekuwa hai, angekuonea wivu," Zehava akasema, akafuta macho kwa leso ya jikoni.

Siku za katikati ya juma walionana kwa shida. Mmoja alilala mwenzake alipoamka. Waliachiana chakula kwenye jokofu na maneno kwenye simu. Idit alikuwa akisema, "Wewe unaokoa watu, mimi nawajengea madaraja. Nyumba hii anaishi nani?" Hakusema kwa hasira, maana Sabato na sikukuu zilikuwepo. Ilipofunguliwa ofisi mpya ya kampuni kule Be'er Sheva, kusini, Idit akaitwa akaisimamie. Alikataa. Alimwambia bosi wake wazi, "Mke wangu ni mkunga. Nikienda huko, hatutaonana tena." Picha ya Zehava ilikaa mezani kwake, na hapana fundi asiyejua ni nani.

Hospitalini mambo yalikuwa kinyume. Pale Zehava alijulikana kama mwanamke asiyeolewa, mcha Mungu, anayeishi peke yake. Kwa muda mrefu hakusema uongo. Alipoulizwa kama ana mtu, alitabasamu akauliza mapigo ya mtoto yakoje. Walichoka kuuliza, wakajijibu wenyewe.

Na kwa jibu hilo wakampangia zamu.

Wodi ilikuwa na utaratibu wake mzuri. Wakunga Waarabu, akina Nuha, walishika kazi sikukuu za Wayahudi, na Wayahudi wakashika Idi na Krismasi. Lakini watoto hawangoji sikukuu ya mtu. Akina Nuha peke yao hawakutosha, na kila mara alihitajika mmoja wa kuongezea. Sista mkuu Galina, aliyekuja nchini kutoka Urusi akiwa mtu mzima, alipanga zamu kwa kanuni moja: mwenye familia kwanza.

"Zehava, roho yangu," Galina angepiga simu kila sikukuu ikikaribia. "Najua nakuchosha. Lakini Ronit ana watoto watatu wadogo, na mume wake kaitwa jeshini. Wewe huna kinachokufunga. Nikuandike?"

"Niandike, sista."

"Mungu akupe mume mwenye nyumba yenye ghorofa!"

"Amina, sista," Zehava alijibu, na jikoni Idit aliyesikia kila neno aliendelea kumenya viazi.

Hivyo Pasaka zikapita. Usiku ambao Wayahudi wote wanakaa mezani na watu wao, wakila mkate usio na chachu na mboga chungu na kusimuliana jinsi babu zao walivyotoka Misri, Zehava alikuwa leba. Idit alikwenda kibutzi kwa kaka yake Oded, akarudi na chakula kwenye bakuli. Mwaka Mpya ukawa vilevile. Siku ya Upatanisho Zehava alifunga akiwa kazini, akazalisha na midomo mikavu.

Sabato alizokuwa na zamu, Idit alimsindikiza mpaka karibu na hospitali, akimbebea mfuko wa chakula kwa kuwa Zehava mwenyewe habebi kitu siku hiyo. Waliagana kwenye kona ya kibanda cha maua, pasipoonekana kutoka getini. Sabato moja Nuha akatokea nyuma yao.

"Shabat shalom, Zehava! Na huyu mgeni wetu ni nani?"

"Jirani yangu," Zehava akasema haraka.

Idit akampa Nuha mkono, akageuka akaondoka. Jioni Zehava aliporudi, mwenzake alikuwa amekaa barazani.

"Karibu, jirani," akasema Idit. "Umekuja kuomba chumvi?"

"Idit, usinifanyie hivyo."

"Sifanyi kitu. Majirani wazuri hawagombani." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Halafu akayaweka maneno sawa, kama mtu aliyekaa nayo muda mrefu. "Sikiliza, Zehava. Siombi ukaimbe barabarani. Siombi uache kazi, najua kazi ile ni pumzi yako. Naomba Pasaka moja mezani kwetu, mimi na wewe. Na ili tuipate, mwambie yule sista wako mkuu neno moja tu: nina mtu nyumbani. Neno moja, basi."

"Hujui watu wa wodini."

"Nawe huwajui. Hujawahi kuwapa nafasi."

Zehava akaapa kwamba atasema kabla zamu za Pasaka hazijapangwa. Akaapa, yeye asiyeapa hovyo.

Ilipofika siku yenyewe aliingia ofisini kwa Galina na maneno tayari mdomoni. Njiani kote alikuwa ameyarudia: Sista, usiniandike Pasaka, nina mtu nyumbani. Galina alisimama, akamkumbatia kabla hajakaa.

"Nilikuwa nataka kukuita! Nimechoka mimi, Zehava. Kila anayeingia hapa ana hadithi. Mama mkwe, mapacha, mume kanuna. Wewe peke yako huniletei hadithi. Ungekuwa na mume na watoto, wodi hii ningeifunga."

Zehava alifungua kinywa. Alimwona Galina jinsi macho yake yalivyovimba kwa kukosa usingizi. Aliona pia, au alidhani ameona, uso ule utakavyobadilika. Akajiambia kwamba kuna wanawake watakaozaa usiku ule na hawana kosa. Akajiambia kwamba Mungu ameweka uhai mbele ya karamu. Maneno yote yalikuwa ya kweli, na yote aliyatumia kujifichia.

"Nimekuja kuuliza kama umeshaniandika," akasema.

Nyumbani Idit alikuwa ameweka mezani sahani mbili mpya zenye ukingo wa buluu alizozinunua kwa ajili ya Pasaka. Alimtazama Zehava usoni mara moja tu, akazikusanya, akazirudisha kwenye boksi lake. Hakugomba. Zehava alitamani agombe.

Baada ya wiki chache Idit akasema, huku akifunga kamba za viatu, "Wamenirudia wale wa Be'er Sheva. Nimekubali."

"Ulisema ukienda huko hatutaonana."

"Tunaonana?" akauliza Idit. Hakuwa akimkejeli, alikuwa anauliza.

Hawakuachana. Pengine ingekuwa rahisi kusimulia kama wangeachana. Idit alirudi kila Alhamisi jioni, akapika dafina yake, na kama Zehava hakuwa zamu walikula pamoja, wakalala mchana na madirisha wazi, na siku kama hizo zilikuwa nzuri. Lakini kitu kilikuwa kimezimika kati yao. Idit aliacha kumsindikiza mpaka kwenye kona. Aliacha kuuliza zamu zimepangwaje. Walipoongea simu, waliongea kuhusu fundi wa bomba na bei ya kodi ya jiji. Zehava alijiwekea ahadi nyingine moyoni: mwakani atastaafu zamu za sikukuu, mwakani atasema. Alikuwa na likizo nyingi ambazo hajazigusa, alizilimbikiza kwa ajili ya safari ya Meknes waliyoipanga wawili. Aliamini siku zipo.

Baridi ilipokuwa inaisha, Jumanne moja saa nne asubuhi, Idit alikuwa amesimama kwenye tope la kusini akiwaonyesha mafundi mahali pa kumwaga zege. Akashika kichwa, akasema, "Subirini kidogo," akakaa chini. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Alipofikishwa hospitali ya huko alikuwa ameshakwenda zake, Mungu amrehemu.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyempigia Zehava. "Mama," alimwambia, "wewe ndiye mke wa mhandisi wetu. Kaa chini kwanza." Zehava akakaa sakafuni, palepale kwenye korido ya wodi. Wenzake walipomkimbilia aliwaambia ameshikwa na kizunguzungu, akavaa koti, akaondoka.

Walimzika kibutzini, karibu na mazao yaliyokuwa yameanza kuchanua. Mafundi walikuja na viatu vyao vya kazi. Mmoja mmoja walimpita Oded, kaka wa marehemu, na kwenda kwa Zehava, wakamshika mkono, wakamsimulia mambo ambayo hakuyajua: kwamba Idit alikuwa akiwalazimisha kuonja dafina yake, kwamba kila Alhamisi adhuhuri alikuwa akiwafokea wamalize kwa sababu ana mtu wa kumrudia. Kutoka wodini hakuja mtu. Nani angekuja, na hakuna aliyeambiwa?

Simha, dada yake mkubwa, alikuja kutoka Kiryat Shmuel akiwa amejifunika kilemba mpaka nyusi. Kwa miaka mingi Simha alikuwa akiletea nyumba ile keki za sikukuu bila kuvuka kizingiti, na jina la Idit hakulitaja. Sheria yao inasema aliyefiwa na baba, mama, ndugu, mtoto au mwenzi wa ndoa achaniwe vazi lake penye kaburi. Zehava alisimama pembeni, hajui kama anahesabiwa. Simha hakumuuliza rabi yeyote. Alishika ukosi wa blauzi ya mdogo wake kwa mikono miwili, akauchana mpaka karibu na moyo.

"Dada," Zehava akanong'ona.

"Nyamaza," Simha akasema, na yeye akilia. "Keki nilikuwa naleta mbili. Hukuona kwamba ni mbili? Nilikuwa nangoja uniambie ingia na uniambie huyu ni nani."

Zikabaki siku saba za matanga, ambazo mfiwa hatoki nyumbani wala hafanyi kazi. Zehava alipaswa kuomba ruhusa. Alimpigia Galina.

"Sista, nahitaji siku saba."

"Siku saba? Roho yangu, nani amekufa? Mama yako si alishatangulia?"

"Idit."

"Idit yupi? Jirani yako?" Sauti ya Galina ilikuwa na huruma ya kweli. "Maskini. Chukua siku moja, mbili. Pumzika."

Hata hapo mlango wa kujificha ulikuwa wazi. Angesema asante, angechukua siku mbili, na hakuna ambaye angejua. Alitazama blauzi iliyochanika.

"Mke wangu, sista. Tumeishi pamoja tangu kabla wewe hujaletwa wodini kwetu."

Halafu Galina akasema, "Nimesikia," akakata simu.

Zehava aliweka simu chini akiwa na hakika kwamba miaka yote alikuwa sahihi kuficha. Kesho yake mchana wakaja. Galina, Ronit, Nuha na wengine wa zamu ya asubuhi walijaa sebuleni, wengine hawajavua sare. Desturi ya matanga ni kwamba mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze, na Zehava, aliyekaa kwenye kiti kifupi bila viatu, hakuwa na neno. Wakakaa hivyo, kikohozi hapa, kijiko pale. Mwishowe Galina akashindwa.

"Mimi sheria zenu sizijui vizuri, nitasema," akaanza, na sauti yake haikuwa ya upole. "Umenifanya mwizi, Zehava."

"Sista…"

"Ngoja! Pasaka ile ya mvua ya mawe, Ronit mwenyewe alijitolea kuja. Nilimwambia hapana, kaa na watoto wako, Zehava hana mtu. Nilisema kwa mdomo huu. Na hapa kulikuwa na mtu amekaa anakungoja! Nimemwibia marehemu sikukuu zake zote, na sikujua."

"Ningekwambia, ungefanyaje?"

Galina alifikiri. Hakujibu kwa kumfurahisha. "Mwaka ule wa kwanza ningekunja uso. Mimi nimekulia mahali pagumu. Ningekunja uso wiki nzima, pengine mwezi. Halafu ningebadilisha zamu, maana kanuni yangu ni moja: mwenye familia kwanza. Uso wangu ungekuua?"

"Hapana," Zehava akasema.

"Basi."

Nuha alimshika bega. "Mimi nilijua tangu siku ile kwenye kona. Jirani gani anabebea mtu chakula mlima wote ule? Nikasema, siku akitaka atanifungulia. Sikutaka kugonga mlango wa mtu."

Zehava akainamisha kichwa. Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa upande wake wa mlango, akimheshimu mwenzake, na Idit peke yake ndiye aliyekuwa akibisha hodi. Alilia siku ile kuliko siku ya mazishi. Kama watu wale wangekuwa wabaya, angekuwa na wa kumlaumu.

Pasaka ikafika mwezi uliofuata. Kwa mara ya kwanza Galina hakupiga simu. Ronit ndiye aliyeshika zamu. Simha alimsihi mdogo wake aje Kiryat Shmuel kwenye meza kubwa yenye watoto, na Nuha naye, ambaye sikukuu haikuwa yake, akamwambia, "Njoo basi tunywe kahawa tu." Zehava aliwashukuru wote akakataa. Alikuwa ameombwa Pasaka moja mezani kwao, na meza yao ilikuwa hapa nyumbani.

Akaosha nyumba, akatoa kila chembe ya mkate wa chachu. Jua lilipotua aliwasha mishumaa, akamimina divai, akaweka mkate usio na chachu na mboga chungu. Katika usiku huo mtoto mdogo wa nyumba ndiye huuliza maswali, na wakubwa hujibu. Pasipo mtoto, mke humuuliza mume. Na aliye peke yake kabisa, sheria haimwachi: lazima ajiulize mwenyewe kwa sauti, halafu ajijibu.

Zehava alijua hivyo tangu utotoni, akisikia baba yake akifundisha, lakini hakuwahi kumwona mtu akifanya. Akafungua kitabu. Akajiuliza lile swali la kwanza, kwa nini usiku huu hauko kama mwingine wowote. Sauti yake ilisikika ngeni katika nyumba tupu.

Jibu lilikuwa limeandikwa mbele yake, la Misri na utumwa na mkono wenye nguvu uliowatoa. Alisoma maneno ya kwanza, akakwama. Akarudi akauliza tena, taratibu zaidi, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasemesha wazazi leba, na akanyamaza kidogo, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Mishumaa ilipofika nusu alivuta kitabu karibu, akajijibu.